Uzi maalumu: Kidonda cha tumbo kinachomwaga damu, nani anapasuliwa na kwa nini

#1 GlovuSabaNusu (mleta uzi)

Wakuu, heshima kwenu.

Wiki iliyopita kuna uzi humu ulichangamka sana kuhusu mgonjwa aliyepasuliwa kisa vidonda vya tumbo. Mchangiaji mmoja akaandika kwa herufi kubwa: VIDONDA VYA TUMBO HAVIPASULIWI, HUO NI WIZI WA MCHANA. Wengi wakampigia makofi. Mimi kazi yangu ni upasuaji wa jumla, hospitali ya rufaa ya mkoa huku bara. Nilianza kumjibu kulekule, jibu likawa refu kuliko uzi wenyewe, nikaona bora nifungue uwanja mpya.

Jamaa ana nusu ya haki. Kidonda cha kawaida, kile cha kuungua chembe cha moyo usiku na kutembea na magnesia mfukoni, hatukipasui. Kinatibiwa kwa dawa na kinapona. Kisu kimebaki kwa kidonda kilichotoboa utumbo, kilichoacha kovu likaziba njia ya chakula, kinachoshukiwa kuwa saratani, na kile kinachomwaga damu isiyozuilika. Uzi huu ni wa hicho cha mwisho, na hasa kidonda cha duodeni.

Ramani kwanza. Chakula kikitoka tumboni kinaingia kwenye duodeni, kipande cha kwanza cha utumbo mwembamba, urefu wake takriban sentimita 25. Vidonda vingi vya huko hukaa sentimita chache za mwanzo, palepale asidi ya tumbo inapomwagikia. Ukuta wa mbele wa sehemu hiyo unatazama uwazi wa tumbo, kwa hiyo kidonda cha mbele kikichimba sana utumbo unatoboka na uchafu unasambaa. Ukuta wa nyuma umeegemea kongosho, na hapohapo nyuma yake inashuka ateri ya gastroduodeni. Ateri hiyo ni tawi la ateri ya ini, nayo inatokana na shina fupi linalochomoza kwenye aota, ateri kuu inayotoka moyoni. Shinikizo lake si mchezo. Kidonda cha nyuma kikila hadi kikafika hapo, kinaitoboa ubavuni.

Na ubavuni ndiko kubaya. Ateri iliyokatika kabisa hujikunja na kujibana yenyewe. Iliyotobolewa ubavuni, tena imeshikwa na kovu gumu la kidonda cha miaka, haina pa kujikunjia. Damu inamwagikia utumboni, na mtu anaweza kupoteza lita nzima na zaidi kabla hajatapika wala kwenda chooni.

Dalili mnazijua: choo cheusi kama lami, kinachonata na kunuka vibaya, kutapika damu mbichi au matapishi ya rangi ya kahawa, kizunguzungu ukisimama, jasho jembamba la baridi, moyo kwenda mbio. Ukianguka chooni baada ya choo cheusi, hiyo ni dharura. Usisubiri kuche.

Sasa habari njema, ambayo watu wa thieta huwa hatuisemi vya kutosha: takriban wagonjwa 8 kati ya 10 wanaovuja damu kutoka sehemu ya juu ya tumbo, damu husimama yenyewe. Ugomvi wote wa madaktari ni namna ya kuwatambua wale wawili waliobaki mapema, kabla hawajachoka.

Ulizeni, nitajibu nikitoka zamu.

#2 Pilipili Hoho

Nimeweka kigoda mbele kabisa. Mkuu usituache njiani kama wale wa uzi wa kilimo cha matikiti.

#3 Mtoto wa Ukerewe

Asante mkuu. Baba yangu mdogo alitapika damu beseni zima. Kisiwani kila mtu akasema vidonda vya tumbo, akanywa dawa za miti shamba na omeprazoli ya dukani, ile dawa ya kuzima asidi. Tulipomvusha hadi Mwanza akaingizwa mpira wa kamera, wakasema si kidonda kabisa, ni mishipa ya kooni imevimba kwa sababu ya kichocho. Hilo nalo mnalipasua?

#4 GlovuSabaNusu

Ndugu yangu wa Ukerewe umegusa jambo ambalo kila anayefanya kazi Kanda ya Ziwa anapaswa kuliwaza kabla ya kushika kisu.

Kichocho cha tumbo, kile cha ziwani, mayai yake hukwama kwenye ini na kuleta makovu. Damu inayotoka utumboni kupitia ini inakosa njia, shinikizo linapanda, vena za chini ya koo la chakula zinavimba na siku moja zinapasuka. Utafiti wa Hospitali ya Bugando, Mwanza, uliochapishwa 2012 ulikuta hizo vena ndizo chanzo namba moja cha kuvuja damu sehemu ya juu, zaidi ya nusu ya wagonjwa. Vidonda vya tumbo vilifuata kwa mbali.

Hizo zinafungwa na mipira midogo kupitia kamera, pamoja na dawa za kushusha shinikizo. Kumfungua tumbo mtu wa namna hiyo ukitafuta kidonda cha duodeni kisichokuwepo ni balaa. Wengu iliyovimba, tumbo kujaa maji, au mtu aliyekua akioga ziwani: ukiona mojawapo, tafuta kamera kwa udi na uvumba kabla hujamwita daktari wa usingizi.

#5 Nesi wa Zamu

Niongezee upande wa wodini maana madaktari huwa mnaruka hapa.

Mgonjwa akiingia na choo cheusi, jambo la kwanza ni kanyula mbili kubwa, mikono miwili. Sio ile ya rangi ya bluu ya kuwekea watoto. Damu inachukuliwa ya kupima kundi na ya kulinganisha, mpira wa mkojo unawekwa tujue figo bado zinafanya kazi, dripu inaanza. Ndugu, mkiambiwa mkachangie damu msianze kulaumu kwamba hospitali inauza damu. Damu haiuzwi, ila chupa zinazotoka lazima zirudishwe la sivyo mgonjwa wa kesho hana kitu.

Halafu ndugu wanataka mgonjwa aongezewe mpaka "ajae". Mwaka 2013 madaktari wa Barcelona walichapisha jaribio la wagonjwa 921: kundi moja liliongezewa pale kipimo cha wingi wa damu (hemoglobini) kiliposhuka chini ya 7, lingine chini ya 9. Baada ya wiki sita, waliosubiriwa hadi 7 walikuwa hai asilimia 95, wale wengine 91. Kujaza kupita kiasi kunapandisha shinikizo na kubandua bonge la damu lililokuwa limeziba. Anayemwagika mbele ya macho yako ni kesi nyingine, huyo anaongezewa kadiri anavyopoteza, na mwenye ugonjwa wa moyo naye ana kiwango chake.

Na ile sindano ya traneksamiki, ya kuzuia damu kumwagika, ambayo kila mtu anaikimbilia: jaribio la HALT-IT, 2020, wagonjwa zaidi ya 12,000, haikupunguza vifo kwa watu wanaovuja damu tumboni. Iliongeza kuganda kwa damu kwenye vena. Inasaidia kwa majeruhi wa ajali na kwa mama aliyejifungua, huku hapana.

#6 Bodaboda Msomi

Nesi heshima yako. Swali kwa mleta uzi: kama kamera inaona kidonda, kwa nini isikizibe hukohuko? Kisu cha nini tena?

#7 GlovuSabaNusu

Inakiziba, na wengi ndipo safari inapoishia. Bingwa wa endoskopi anaingiza mpira mdomoni, anaangalia kidonda kina sura gani. Kuna madaraja yaliyotungwa Edinburgh 1974, yana jina la Forrest. Juu kabisa ni ateri inayoruka damu, kisha inayochuruzika, kisha mshipa ulio wazi ila umetulia, kisha bonge la damu lililoganda, na mwisho kidonda kisafi kisicho na kitu. Mwenye kidonda kisafi anakula siku hiyohiyo na kurudi nyumbani mapema. Mwenye ateri wazi anachomwa adrenalini iliyozimuliwa kuzunguka kidonda, halafu lazima iongezwe njia ya pili, kuchoma kwa joto au kubana kwa vibanio vya chuma. Adrenalini peke yake haitoshi, ikiisha nguvu damu inarudi.

Baada ya hapo omeprazoli ya mshipani. Hong Kong, 2000, Lau na wenzake waliwapa wagonjwa waliokwisha zibwa miligramu 80 kwa mkupuo kisha 8 kila saa kwa siku tatu. Ndani ya mwezi, waliovuja tena walikuwa asilimia 6.7, wakati waliopewa dawa bandia walikuwa 22.5. Asidi ikizimwa, bonge la damu halimeng'enywi.

Sasa tuseme imerudi. Timu hiyohiyo ya Hong Kong mwaka mmoja kabla ilichukua wagonjwa 92 waliovuja upya baada ya kuzibwa, nusu wakarudishwa kwenye kamera na nusu wakaenda thieta. Kwenye kundi la kamera, 35 kati ya 48 walizibika na kisu hakikuhitajika. Matatizo yalikuwa machache, na vifo havikuongezeka. Kwa hiyo damu ikirudi mara ya kwanza, unarudi kwenye kamera. Lakini soma na upande wa pili wa utafiti: walioshindikana walikuwa hasa wale ambao presha ilikuwa imeshaanguka, na wale wenye kidonda cha sentimita 2 au zaidi. Mgonjwa wa aina hiyo, hasa kidonda kikiwa ukuta wa nyuma, mimi huwa nataka niitwe mapema, hata kama sitagusa. Niitwe nimwone akiwa bado anaongea.

Kwenye hospitali kubwa kuna njia ya tatu: kupitisha mrija mwembamba kwenye ateri ya pajani, kuupandisha hadi ateri inayovuja na kuiziba kwa ndani. Muhimbili wameanza kufundisha wataalamu wa fani hiyo miaka ya karibuni. Kwa mgonjwa aliyeko Tunduru usiku, hiyo ni habari ya gazetini.

Kwa kifupi anapasuliwa ambaye presha haipandi pamoja na damu zote anazoongezewa, ambaye kamera imeshindwa mara ya kwanza kwa sababu damu ni nyingi hakuna kinachoonekana, ambaye damu imerudi baada ya kamera mbili, au ambaye yupo mahali kamera haipo na hawezi kusafiri. Vitabu vya zamani vilisema zaidi ya chupa 6 kwa siku moja. Mimi sisubiri hesabu hiyo kwa mzee wa miaka 70. Kijana anavumilia kuvuja, mzee anaonekana mzima mpaka dakika anayoanguka.

#8 Mzee wa Herufi Kubwa

Ni mimi uliyenisema hapo juu. SIJAKASIRIKA. Ila nijibu hili. Kaka yangu alipasuliwa hospitali moja, sitaitaja, wakasema ateri imefungwa, mambo safi. Siku ya tatu akatapika damu tena, akarudishwa thieta. Kama ateri ilifungwa, damu ilitoka wapi? Ndiyo maana nasema wizi.

#9 GlovuSabaNusu

Karibu mzee wangu, na pole kwa kaka. Sikumwona mgonjwa kwa hiyo sitamhukumu aliyemfanyia. Ila swali lako ndilo linalohitaji nieleze operesheni yenyewe, kaa vizuri.

Mgonjwa analazwa chali, damu inaendelea kuingia huku nusukaputi inatolewa. Dakika hizo za mwanzo mwenye kazi ngumu ni daktari wa usingizi, maana dawa za kulaza nazo zinashusha presha, na tumbo lililojaa damu linaweza kupanda kooni na kuingia mapafuni. Chale ni moja ndefu ya katikati, kutoka chini ya kidari hadi kitovuni. Ukifungua unaona matumbo yana rangi ya bluu iliyoiva, ni damu iliyojaa ndani. Duodeni kwa nje mara nyingi ina kovu na imekunjamana. Unailegeza kutoka ukuta wa nyuma ili mkono wa kushoto upite chini yake. Hatua hiyo inaitwa kwa jina la Kocher, Mswisi aliyepata Nobel 1909.

Halafu unafungua kwa urefu, kuanzia mwisho wa tumbo, unapita kwenye mlango wake wa chini, hadi ndani ya duodeni. Damu inafurika. Hapa ndipo madaktari wachanga wanapoharibu, wanataka kushona humohumo bila kuona. Hapana. Kidole. Unaweka kidole juu ya kidonda, unaibana ateri kwenye kongosho na unatulia. Unamwambia daktari wa usingizi, "nimeibana, mjaze." Kidole kimoja kinazuia damu vizuri kuliko koleo lolote lililopo mezani, na presha ikirudi juu mnashona kwa utulivu. Nimefundishwa na mzee mmoja ambaye alikuwa anasimama na kidole hapo huku akiuliza habari za mpira.

Sasa nyuzi, na jibu la swali lako lipo hapa. Uzi imara, sindano kubwa iliyopinda. Wa kwanza unapita juu ya kidonda, ambako ateri inaingilia. Watu wengine wanaishia hapo kwa sababu damu inapungua. Lakini ateri ya gastroduodeni haina mlango mmoja. Chini inaungana na matawi ya ateri inayolisha matumbo, kwa hiyo ukiziba juu tu, baada ya muda damu inapanda kutoka chini na kumwagika palepale. Uzi wa pili unafunga huko. Na bado kuna tawi dogo linalotoka upande wa kongosho na kuingia kwenye ateri kwa nyuma, pale katikati ya kidonda. Hilo halionekani. Linafungwa kwa uzi wa tatu, wa umbo la U, upande wa ndani. Ukiliacha, mgonjwa anatoka thieta mkavu, presha inapanda kuwa ya kawaida kesho yake, kesho kutwa anavuja. Sababu nyingine zipo, uzi unaweza kukata nyama iliyooza au kukawa na kidonda kingine juu zaidi, lakini tawi hilo ni mtuhumiwa wa kwanza.

Muungano huo wa mishipa ndio pia unaotuokoa. Tunaifunga ateri kubwa namna ile na duodeni haifi, kwa kuwa inapata damu kutoka pande nyingine.

Hatari ya kushona kwa kina kupita kiasi ni mrija wa nyongo, unapita jirani sana. Ukiukamata, mgonjwa anaanza kuwa na macho ya njano siku zinazofuata.

Kufunga: tulifungua kwa urefu, tunafunga kwa upana, ili njia ibaki pana. Mtindo huo wa Heineke na Mikulicz una umri wa zaidi ya miaka 130 na haujapata mbadala wa maana kwa kazi hii. Kidonda kikiwa kikubwa mno, duodeni yote imeliwa na haishikiki, hapo ndipo tunalazimika kukata mwisho wa tumbo na kuunganisha utumbo kwingine. Jaribio la Wafaransa lililochapishwa 1993 lililinganisha: kukata kulipunguza damu kurudi, ila mishono ya duodeni ikavuja zaidi, na vifo vikawa karibu sawa. Kwa hiyo mimi nashona, na nakata pale tu kushona kusipowezekana.

#10 Mzee wa Herufi Kubwa

Nimekuelewa daktari. Hata hivyo wangetueleza hivi siku ile, tusingegombana pale korido.

#11 GlovuSabaNusu

Hilo sina la kujitetea, ni kweli. Na kuna takwimu ambayo ndugu wanapaswa kuambiwa kabla ya kutia sahihi. Uingereza 2007 walikagua wagonjwa 6,750 waliovuja damu sehemu ya juu. Waliopasuliwa hawakufika asilimia 2, na katika hao asilimia 30 walifariki. Hiyo ni nchi yenye kamera, damu na ICU. Sio kwamba kisu ndicho kilichowaua, waliofika kwenye kisu walikuwa wale waliokwisha shindikana kote, wazee wenye moyo na figo mbovu. Lakini ndugu akiambiwa "ni operesheni ndogo tu", amedanganywa.

#12 Binti Mzee Rashidi

Shikamooni wakubwa. Babu yangu alipasuliwa tumbo mwaka 1979 kwa vidonda, ana kovu refu hadi leo. Anasema walimkata "mshipa wa asidi". Akinywa chai yenye sukari nyingi anatoka jasho, moyo unamwenda mbio, anaharisha. Kumbe siku hizi hamkati huo mshipa?

#13 GlovuSabaNusu

Marahaba binti. Babu yako ni historia inayotembea, mfikishie salamu zangu.

Mwaka 1881, mwaka uleule Billroth wa Vienna alipofanikiwa kukata saratani ya tumbo, Mpolandi Rydygier alikata kipande cha tumbo kwa sababu ya kidonda. Kwa miaka mingi falsafa ikawa hiyo, ondoa sehemu inayotengeneza asidi. Mwaka 1943 Dragstedt wa Chicago akaja na wazo jingine: asidi inaamrishwa na neva ya vagasi inayoshuka pamoja na koo la chakula, basi ikate. Asidi ikapungua kweli. Tatizo, neva hiyohiyo ndiyo inayoliambia tumbo lijimwage, kwa hiyo aliyekatwa chakula kinamlalia tumboni mpaka mlango wa chini upanuliwe. Ukiupanua, chakula chenye sukari kinamwagika utumboni kwa kishindo, mwili unashtuka. Ndiyo jasho na moyo wa babu. Ale kidogokidogo mara nyingi, sukari apunguze, na asinywe maji mengi katikati ya chakula. Mpelekeni apimwe wingi wa damu na vitamini B12 pia, hasa kama walimkata na kipande cha tumbo.

Leeds na Copenhagen mwishoni mwa miaka ya 1960 walibuni kukata matawi madogo tu ya neva hiyo yanayokwenda kwenye sehemu ya asidi. Kazi ya mikono mizuri sana. Ikaja kufunikwa na vidonge vya kuzima asidi. Simetidini iliingia Uingereza 1976, omeprazoli ikafuata mwishoni mwa miaka ya 1980. Halafu Perth, Australia, Warren na Marshall wakaonyesha kwamba vidonda vingi chanzo chake ni bakteria, H. pylori. Marshall mwaka 1984 alikunywa mchuzi wa bakteria hao mwenyewe, tumbo likamwaka. Nobel wakaipata 2005.

Kwa hiyo leo kukata neva kumwongezea dakika 40 mgonjwa ambaye presha yake ni 70, kwa kazi ambayo kidonge kinaifanya kesho yake, sioni mantiki. Wapo wakubwa zangu wanaosema kwa mgonjwa asiye na uhakika wa kupata dawa neva bado ikatwe. Nawaheshimu. Mimi napiga nyuzi tatu, nafunga, natoka.

#14 Kivu Yetu

Jambo kwenu. Niko upande wa Bukavu. Huku kamera kuipata ni shida, barabara nayo mbaya. Sasa mpasuaji akiwa hana kamera anajuaje?

#15 GlovuSabaNusu

Jambo ndugu. Mnafahamiana na ugonjwa huu muda mrefu huko. Tovey, aliyechora ramani ya kidonda cha duodeni Afrika miaka ya 1970, aliitaja milima inayogawa maji ya Nile na Congo kati ya maeneo yenye wagonjwa wengi zaidi.

Bila kamera, historia ya mgonjwa inabeba mzigo. Maumivu ya miaka yanayomwamsha usiku na kutulia akila, diklofenaki ya maumivu ya mgongo kila siku (nayo huleta vidonda), wengu haijavimba, hana macho ya njano: hiyo inaelekea duodeni. Ukifungua, papasa. Duodeni yenye kidonda kikubwa cha nyuma ni ngumu kwa kidole. Kama huoni wala hugusi kitu, fungua pale kwenye mlango wa tumbo, angalia kushoto na kulia. Damu ikiwa inatoka juu tumboni unarefusha upasuaji kuelekea huko. Na uwe na chupa za damu mkononi kabla ya chale, sio zilizoahidiwa.

#16 Mswahili wa Likoni

Daktari, hapa Mombasa baba yangu ana ugonjwa wa moyo, anameza aspirini ndogo ya kila siku. Mwaka jana alivuja damu kwa alsa, wakamziba na kamera. Jirani zetu wamemtia hofu asiiguse tena aspirini maisha. Tufanyeje?

#17 GlovuSabaNusu

Msiamue na jirani. Hong Kong (hao watu kwa jambo hili ni hatari) waliwapa wagonjwa 156 wa aina ya mzee wako ama aspirini mara tu baada ya kuzibwa, ama kidonge bandia, wote wakiwa na dawa ya kuzima asidi. Walioendelea na aspirini walivuja zaidi kidogo, lakini ndani ya wiki nane waliofariki walikuwa asilimia 1.3, wale wengine 12.9. Waliokoseshwa ndio walioumia. Kama alipewa kwa sababu ya moyo ambao umeshaugua kweli, daktari wake wa moyo na wa tumbo waongee, na kidonge cha kuzima asidi kiwe cha kila siku. Kama alikuwa anaimeza kwa kujikinga tu bila ugonjwa, hiyo ni hesabu nyingine.

Ila diklofenaki na ibuprofeni za dukani, hizo akae nazo mbali kabisa. Paracetamoli itamtosha.

#18 Mama Wawili

Mkuu mimi nilipasuliwa mwezi wa pili, nyuzi zote nilitoa salama. Nilipewa dozi ya bakteria ya siku 14, nikamaliza. Nimekwenda maabara mtaani wakanitoboa kidole, bado wananiambia nina H. pylori, wanataka nirudie dozi. Nimechoka na vidonge.

#19 Nesi wa Zamu

Dada usirudie kwanza. Hicho cha kidole ni kipimo cha askari wa mwili. Ukishawahi kuambukizwa kinaweza kuendelea kusoma ndiyo muda mrefu hata bakteria wakiwa wameshakufa.

#20 GlovuSabaNusu

Nesi amemaliza. Mama, omba kipimo cha choo cha antijeni, au cha pumzi kama kipo karibu nawe. Ziwe zimepita angalau wiki nne tangu umalize antibiotiki, na omeprazoli usiwe umeimeza kwa wiki mbili kabla, la sivyo kinaweza kusema huna na kumbe unaye. Kwa vile wewe uliwahi kuvuja hadi kupasuliwa, usiiache omeprazoli kienyeji. Muulize aliyekufanyia upasuaji, akikubali, hizo wiki mbili unaweza kubadilisha kwa famotidini, dawa nyingine ya kupunguza asidi. Choo kikigeuka cheusi wakati huo, rudi hospitali siku hiyohiyo. Ila kama unameza vidonge vya madini ya chuma, navyo vinafanya choo kiwe cheusi, chenye ukijani na kikavu kidogo, bila ile harufu. Waambie mapema.